Roboti nayo ipige hodi: mwongozo kamili wa kuiingiza roboti ya huduma katika nyumba ya wazee

Wenzangu tunaofanya kazi ya kutunza wazee huku Uingereza wananiandikia jambo lile lile: tumeletewa roboti, wiki ya kwanza ilipigwa picha na kila mtu, sasa imesimama stoo imefunikwa shuka. Wengine wameanza upya mara mbili, mara tatu, na mwisho ni huo huo.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Roboti yetu ilikaa stoo miezi minne kando ya viti vya magurudumu vibovu, nayo ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni jinsi ilivyoingia. Siku ya pili ilimtokea bibi mmoja kwa nyuma akitembea na fremu yake ya kutembelea. Alishtuka, akaishika fremu kwa mikono miwili akitetemeka, na kwa siku tatu hakutaka kutoka chumbani. Tulipoirudisha roboti, tuliifuata kanuni tuliyolelewa nayo nyumbani: mgeni hupiga hodi, hungoja karibu, na haingii ndani mpaka aitwe.

Mwongozo huu ni wa roboti ya magurudumu yenye trei na skrini, ile inayotembea koridoni, inayosogea karibu na watu na kuzungumza. Kama mmeletewa PARO, ile roboti ya Kijapani yenye manyoya na umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini), inayopakatwa, yeye hatembei, kwa hiyo soma hatua ya 2, ya 6 na ya 7 tu.

## Andaa hivi kwanza

- Mtu mmoja kwa kila shifti anayejua kuiwasha, kuizima na kuisukuma kwa mkono. Kama anayejua ni meneja peke yake, usianze.
- Namba ya simu ya fundi anayeweza kubadilisha mipangilio ya mwendo. Muuzaji asiyekuruhusu kubadilisha kasi na umbali hakufai.
- Jibu la maandishi kutoka kwa muuzaji: je, roboti inakidhi kiwango cha usalama cha ISO 13482, kilichotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya roboti za kuhudumia watu?
- Tepu ya kupimia ya mita 5, na utepe wa rangi wa kubandika sakafuni.
- Mpango wa matunzo wa kila mkazi, hasa ukurasa wa vinywaji, kumeza, macho na masikio.
- Daftari moja la karatasi. Usitegemee kumbukumbu za roboti yenyewe. Inaandika ilikokwenda, haiandiki nani alikunja uso.
- Vitambaa vya kufutia vyenye dawa ambayo mtengenezaji ameikubali.

## Hatua ya 1: Ipe kazi moja

Roboti inayokuja inacheza muziki, inauliza hali, inakumbusha dawa na kuongoza mazoezi, yote siku moja, haieleweki. Mzee hawezi kujibu swali lake la kwanza, yaani "Hii kitu inataka nini kwangu?"

Chagua kazi moja ambayo wahudumu wanalemewa nayo na ambayo ikikosewa haileti maafa. Sisi tulichagua maji ya kunywa ya saa nne asubuhi. Hisia ya kiu hupungua umri unapokwenda, wazee husahau kunywa, na shifti ya asubuhi mikono yote iko kwenye kuogesha na kuvalisha.

Hadhari kubwa. Kabla roboti haijabeba hata glasi moja, pitia orodha ya wenye shida ya kumeza. Wengine wanakunywa vinywaji vilivyofanywa vizito kwa kipimo maalumu, na huku vipimo hivyo hufuata ngazi za IDDSI, utaratibu wa kimataifa wa kupima uzito wa vinywaji na vyakula vya wenye shida ya kumeza, kuanzia 0 ambayo ni maji ya kawaida hadi 4. Mkazi wa ngazi ya 2 akichukua glasi ya maji mepesi, maji yanaweza kuingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Kuna pia wenye ugonjwa wa moyo au figo waliopimiwa maji. Roboti haiwajui hawa. Njia yake isipite walipoketi, au iende na mhudumu. Kusema "tutakuwa macho" hakutoshi. Niliwahi kuona trei ikifikiwa na mkono ambao hakuna aliyeutarajia.

Dawa usiipe kabisa. Chai ya moto pia.

Hatua hii imekamilika pale mhudumu yeyote, hata wa usiku, anapoweza kusema kwa sentensi moja roboti imekuja kufanya nini.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa, tena kila siku

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Barua inatumwa kwa familia, watoto wanatia sahihi, kazi imekwisha. Kwa England na Wales hilo halitoshi. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua, Mental Capacity Act, inaanza kwa kumchukulia kila mtu mzima kuwa anaweza kuamua mambo yake mpaka ithibitike vingine. Uwezo wenyewe unapimwa kwa uamuzi mmoja mmoja: mzee anaweza kushindwa kusimamia akaunti ya benki na bado akawa na uwezo kamili wa kusema hataki mashine chumbani kwake. Tena mtoto hapati haki ya kumwamulia mzazi kwa sababu tu amezaliwa naye, labda awe amepewa mamlaka ya kisheria juu ya afya na matunzo. Scotland wana sheria yao ya mwaka 2000. Mlioko Ujerumani au Marekani, muulizeni meneja sheria ya hapo mlipo kabla ya kuiwasha.

Fanya hivi:

1. Mpelekee kila mkazi picha ya roboti, iwe kubwa, imechapishwa. Mweleze itafanya nini, na kwamba ina kamera.
2. Muulize, kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Mwenye demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fahamu, anahitaji muda wa kuliokota neno, na sisi tuna tabia ya kumjibia.
3. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.
4. Asiyeweza kuamua hata baada ya kuelezwa kwa utulivu, kaeni na familia na timu mwamue lenye manufaa kwake, na mwandike sababu.
5. Kila asubuhi, roboti inapomfikia, iulize. Aliyekubali Jumatatu ana haki ya kukataa Jumanne.

Kamera inahitaji mazungumzo yake peke yake. Muulize muuzaji picha zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani anaweza kuziona. Nyumba inapaswa kuwa na tathmini ya athari za faragha kabla ya kuanza, maana habari za afya zina ulinzi wa ziada katika sheria ya data. Muuzaji akijibu kwa kuzungukazunguka, achana naye.

Dalili ya kufaulu hapa huenda ikakushangaza: ni lazima wawepo waliokataa. Ukipata "ndiyo" kwa wakazi wote, jua hukuuliza vizuri.

## Hatua ya 3: Piga magoti uione njia kwa macho yake

Roboti nyingi za aina hii hutazama kwa miale ya leza inayozunguka katika kimo kimoja, mara nyingi karibu na kifundo cha mguu, zikisaidiwa na kamera ya kupima kina. Kilicho juu ya mwale au chini yake leza haikioni. Kwa hiyo shuka. Pima kimo cha leza, kaa sakafuni, tazama koridoni kutoka kimo hicho.

Utaona ninachosema. Meza ya kusogezea kitandani ni mguu mmoja mwembamba. Ubao wake wa juu haupo kabisa. Fremu ya kutembelea ni vijiti vinne. Mlango wa kioo ni njia wazi, maana mwale unapita. Fanicha nyeusi inayong'aa huweza kupotea. Miguu iliyonyooshwa ya mzee aliyelala kwenye kiti cha kuegemea iko juu ya mwale, nayo ni ya kuogopewa kuliko vyote.

Baada ya hapo:

- Pima upana wa koridoni kwa tepu. Kiti cha magurudumu na roboti vipishane, na nafasi ibaki. Visipopishana, weka sehemu za kungojea na uzibandikie utepe sakafuni.
- Tengeneza ramani fanicha ikiwa mahali pake pa kila siku. Ramani ya saa sita usiku, viti vimepangwa ukutani, itakudanganya saa nne asubuhi.
- Chora maeneo marufuku: vyoo, bafu, ndani ya vyumba vya kulala, na juu ya ngazi. Leza inayotazama mbele haioni ngazi inayoshuka.
- Amua itakwenda wapi kengele ya moto ikilia. Isisimame katika njia ya kutokea. Na usizuie mlango wa moto kwa kabari ili roboti ipite. Hilo nimelikuta, na ni hatari kwa nyumba nzima.

Ukiweka utepe sakafuni, chagua rangi inayokaribiana na sakafu. Kwa mwenye demensia, doa jeusi laweza kuonekana kama shimo, na atasimama hapo asivuke.

Kipimo cha mwisho: izungushe mara kumi bila wakazi, wahudumu wakisukuma toroli na viti kama kawaida. Ikikwama zaidi ya mara moja, rekebisha njia kwanza.

## Hatua ya 4: Ifundishe adabu za mwendo

Roboti ya kawaida inamwona mtu kama kizuizi, sawa na ndoo. Ikiweza kupita sentimita 20 kando ya ndoo, itapita sentimita 20 kando ya bibi. Roboti yenye adabu inatambua kwamba huyu ni mtu, inabadilisha umbali na kasi kwa ajili yake, na haikati mazungumzo ya watu. Muulize fundi wazi: "Inatofautisha mtu na kiti?" Kama haitofautishi, basi ongeza eneo la tahadhari kuzunguka kila kitu, hata kama itakuwa inachelewa.

Umbali. Vipimo vinavyotumiwa sana vilitolewa na Mmarekani Edward Hall miaka ya 1960: hadi sentimita 45 ni eneo la wa ndani kabisa, hadi mita 1.2 ni la wanaojuana, hadi mita 3.6 ni la mazungumzo ya kawaida. Hall aliwatazama Wamarekani, nao walikuwa wazima wa afya, kwa hiyo vichukue kama pa kuanzia. Sisi tumeweka hivi: roboti inasimama mita 1.2 kutoka kwa mkazi, inasalimia na kuuliza. Akikubali, inasogea hadi kama sentimita 60, mkono wa aliyeketi ufikie trei bila kuinama. Asipojibu, inarudi. Hapo ndipo hodi ilipo.

Upande. Isije kwa nyuma hata siku moja. Isije moja kwa moja usoni pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire walichapisha mwaka 2006 majaribio ambamo roboti ilimpelekea kitu mtu aliyeketi. Wengi walipendelea ije kwa mbele kutoka upande wa kulia au wa kushoto, na kuja usoni moja kwa moja ndiko kulikopendwa kidogo zaidi. Aliyeketi hana pa kukimbilia, na kitu kinachomjia usoni kinamfungia njia. Kwa aliyepata kiharusi ongeza jambo jingine: ije upande anaoona na wenye mkono unaofanya kazi. Tuliwahi kumhesabu babu mmoja kuwa "amekataa" kwa wiki nzima, kumbe roboti ilikuwa ikisimama upande ambao macho yake hayauoni.

Kasi. Koridoni tumeweka mita 0.4 kwa sekunde, na mita mbili za mwisho nusu ya hapo. Vijana wa shifti wanalalamika kwamba inatambaa. Iache itambae. Mzee mwenye fremu anatembea polepole, na kinachompita kwa kasi kinamyumbisha hata kisipomgusa.

Ikikwama. Huu mpangilio wengi hawaujui upo. Roboti nyingi zikikosa njia hujikwamua kwa kujizungusha papo hapo au kurudi nyuma. Stoo hakuna ubaya. Kando ya mtu mwenye fremu, mashine inayozunguka ghafla ni hatari ya kuanguka, na anguko moja la mzee laweza kuvunja nyonga. Mwambie fundi aweke kusubiri kuwe kwa kwanza, tena kwa muda mrefu, sekunde 30 au zaidi, na kujizungusha kuzimwe kabisa panapokuwa na watu. Kwa roboti zinazotumia ROS 2, programu ya kuendeshea roboti, na kifurushi chake cha kutafutia njia, Nav2, tabia hizi zimo katika faili la mipangilio. Si kazi ya siku nzima.

Iongezee roboti pia marufuku hizi mbili: isipite kati ya watu wawili wanaozungumza, wala kati ya mtu na televisheni. Kama haiwezi kuzitambua hali hizo, chora eneo marufuku mbele ya televisheni na kati ya viti vinavyotazamana.

Ili kupima, keti kwenye kiti cha mkazi wewe mwenyewe, funga jicho moja, weka pamba masikioni, uitwe na roboti. Ukijikuta umeinua bega au umevuta miguu, mwili wako umekwisha kutoa jibu.

## Hatua ya 5: Sauti na maneno

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti za juu. Sauti nyembamba ya kitoto ambayo watengenezaji wanaiona ya kupendeza ndiyo isiyosikika. Chagua sauti nene, punguza kasi ya usemi, na weka kimya kati ya sentensi. Usiongeze tu ukubwa wa sauti. Mwenye kifaa cha masikioni ataumia. Zima televisheni au ngoja ukumbi utulie.

Maneno yawe machache: jina analopenda kuitwa, kisha swali moja. "Habari ya asubuhi, Bwana Fulani. Nikupe maji?" Mkazi aliyekuwa mwalimu mkuu miaka 30 asiitwe "mpenzi" na mashine. Hilo liko katika mpango wake wa matunzo, lisome.

Lugha ina uzito kuliko wanavyodhani waliotuuzia. Demensia mara nyingi hula lugha iliyojifunzwa baadaye na kuacha ile ya utotoni. Nyumba za Leicester na London zina wazee wa asili ya Kihindi waliokulia Kampala, Nairobi na Mombasa, wengine wakiwa miongoni mwa waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Nimemwona mmoja asiyemjibu mtu kwa Kiingereza akageuka kwa "Shikamoo, mama", akajibu "Marahaba" na kupokea glasi. Kama roboti yenu inaruhusu salamu za kurekodi, zirekodi kwa sauti yako. Mradi wa CARESSES, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Japan, uliifundisha Pepper, roboti yenye umbo la mtu, kuzingatia utamaduni wa mzee na kuijaribu katika nyumba za wazee Uingereza na Japan. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, usikubali kuambiwa haliwezekani.

Jambo moja usiliruhusu: roboti isijifanye mtu. Mkazi akiuliza "Wewe ni nani?", ijibu kuwa ni mashine ya kusaidia wahudumu. Isiseme inampenda, wala ilimkumbuka jana usiku.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Siku mbili kabla, iweke ukumbini ikiwa imezimwa. Ikae kama kabati. Wazee wataizunguka, wataigusa, mmoja ataitundikia koti. Acha.

Siku yenyewe fuata mpangilio huu:

1. Chagua asubuhi, baada ya chai. Kuanzia alasiri hadi jioni, wengi wenye demensia huingiwa na wasiwasi na kutangatanga. Usiwaletee kitu kipya saa hizo.
2. Anza na watu wawili au watatu, wale walioonesha hamu.
3. Mhudumu wanayemfahamu atembee kando ya roboti, si nyuma yake. Mkono wake uwe karibu na kitufe chekundu cha kuizima.
4. Mhudumu apokee maji kwanza, anywe, wamwone.
5. Dakika kumi, kisha iondoke. Iondoke bado wanaitaka.

Tazama mikono kuliko uso. Wazee wa hapa wamelelewa kutabasamu kwa adabu hata wakichukizwa. Mikono inayoshika kiti, miguu inayojivuta ndani, macho yanayomtafuta mhudumu, hayo ni majibu. Ukiyaona, bonyeza kitufe, isukume kando kwa mkono, keti na mkazi. Usimweleze kwamba haina madhara. Mwambie, "Nimeiondoa."

Siku imefaulu ikiwa mkazi mmoja amepokea glasi kutoka kwenye trei bila kumtazama mhudumu kwanza. Mmoja anatosha.

## Hatua ya 7: Wiki sita za daftari

Ugeni huisha. Wiki ya kwanza kila mtu anaita roboti, wiki ya nne hakuna, na hapo ndipo mashine nyingi hurudi stoo. Kwa hiyo usihukumu kabla ya wiki sita.

Kila siku andika mistari minne: waliokunywa, waliokataa, mara ilizokwama, na dakika ambazo mhudumu aliokoa au alipoteza. Wiki mbili kabla ya kuanza, andika waliokuwa wakinywa bila roboti, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Futa trei na skrini kila baada ya kuguswa na mkazi. Kukiwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika ndani ya nyumba, roboti isitoke kwenye chaji.

Dakika zilizookolewa zina hatari yake. Meneja akiziona anaweza kupunguza mtu kwenye shifti. Andika tangu mwanzo, katika mpango wenyewe, dakika hizo zitatumika wapi. Sisi tuliandika: kukaa na wasiotoka vyumbani. Pale ambapo hapakuandikwa, zilipotea kwenye makaratasi.

## Mkazi akikataa moja kwa moja

Ondoa chumba chake na kiti chake katika njia ya roboti siku hiyo hiyo. Andika katika mpango wake wa matunzo ili shifti ya usiku na wahudumu wa wakala wajue. Usimuulize tena kabla ya mwezi kupita, isipokuwa yeye ameuliza.

Bibi yule wa fremu hajawahi kuikubali. Roboti inasimama mwanzoni mwa korido yake, penye alama ya utepe, na maji yake ya saa nne nampelekea mimi.